Kufunga mtandao wa kompyuta Mwanza: kutoka waya wa chini ya meza hadi kiungo cha kuvuka maji

Mtu akilalamika kwamba "intaneti haipo", mara nyingi intaneti ipo. Kilichokufa ni plagi iliyobanwa vibaya chini ya meza, au kompyuta mbili zilizopewa anwani moja, au ruta ya pili iliyochomekwa ukutani bila mwenye ofisi kujua. Waya uko chini kabisa, anwani ziko juu ya waya, na intaneti iko juu ya hivyo vyote. Anayeanza kutafuta tatizo huko juu huzunguka siku nzima, na mwishowe humpigia simu mtoa huduma asiye na kosa. Kwa hiyo tunaanzia chini.

Mfano tutakaoutumia ni duka la nyavu na zana za uvuvi lililoko Kirumba. Lina kompyuta 6, printa moja, kamera 4, na mhasibu anayekaa kwenye mwinuko wa Capri Point, maji yakiwa katikati. Tuseme umbali kati ya paa na paa ni kilomita 3. Umbali wako upime mwenyewe kwenye ramani ya simu.

Data inavyosafiri

Faili haliendi zima. Kompyuta hulikata vipande viitwavyo pakiti, na kwenye Ethernet ya kawaida (mtandao wa waya wa ndani) kila pakiti haizidi baiti 1,500. Kila moja huandikwa inakotoka na inakokwenda. Fikiria boksi la mzigo linalokwenda Nansio: bodaboda inalipeleka bandarini, meli inalivusha, na ng'ambo pikipiki nyingine inalifikisha dukani. Jina la mpokeaji lililoandikwa kwenye boksi halibadiliki njia nzima, lakini chombo hubadilika kila hatua. Anwani ya IP ndiyo jina la kwenye boksi. Anwani ya MAC, ile ya alama 12 ambayo kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani, hutumika kwa hatua moja tu, na pakiti ikivuka ruta huvalishwa MAC nyingine. Swichi, yaani kisanduku cha milango mingi kinachounganisha vifaa vya ndani, husoma MAC; ruta, inayounganisha mtandao wako na mingine, husoma IP. Tofauti hiyo itakusaidia tukifika kwenye kutafuta hitilafu.

Jambo jingine linalowagombanisha wateja na mafundi ni biti na baiti. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la gigabaiti 1 kwenye waya wa megabiti 100 huchukua sekunde kama 85. Ukitarajia sekunde 10, hesabu yako ndiyo imekosea na waya hauna kosa. Kwenye waya wa megabiti 1,000 faili hilohilo huchukua sekunde 8 au 9, mradi diski za pande zote mbili ziweze kwenda kasi hiyo.

Waya

Nunua kebo ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Madukani kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini hukatika ukiikunja mara chache na ukinzani wake ni mkubwa, hivyo kamera inayopokea umeme kupitia kebo hiyohiyo huzimika usiku pale taa zake zinapowaka na kuhitaji nguvu zaidi. Dalili hiyo huwasumbua watu sana, kwa sababu mchana kamera inafanya kazi vizuri.

Kikomo ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa: mita 90 za kebo ngumu ya ukutani na 10 za kebo laini za ncha mbili. Usipime kwa mstari ulionyooka. Kebo hupanda darini, huzunguka nguzo na kushuka tena. Ongeza mita 3 kwa kila ncha za kurekebisha baadaye. Boksi la kawaida lina mita 305, na nambari za mita zimechapwa kwenye ganda, kwa hiyo ziandike kabla na baada ya kuvuta ujue ulichotumia.

Usiilaze sambamba na nyaya za umeme wa volti 230 ndani ya paipu moja. Ziachanishe angalau sentimita 20, na pale ambapo lazima zivukane, zivukane kwa pembe mraba. Usiikunje kama kamba ya viatu: duara dogo kabisa la kona liwe na nusu-kipenyo mara 4 ya unene wa kebo, yaani kama sentimita 2 na nusu. Vifungo vya plastiki vikaze kwa kidole, usivute kwa koleo.

Sasa kubana plagi ya RJ45. Mpangilio uliozoeleka ni T568B, na rangi zake kuanzia pini ya kwanza ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Shika plagi meno ya dhahabu yakitazama juu, kilimi kikiwa chini, na kebo ikiingia kutoka upande wako: pini ya kwanza iko kushoto.

1. Vua ganda la nje kama sentimita 3 bila kugusa nyuzi za ndani. Ukiona uzi umechanjwa, kata uanze upya, maana utakatika ndani ya plagi miezi miwili baadaye.
2. Fungua misokoto, nyoosha nyuzi kwa vidole, zipange, kisha zikate sawasawa zibaki milimita 13 hivi.
3. Sukuma hadi ncha zote nane zionekane zimegusa ukuta wa mbele wa plagi. Ganda la nje lazima liingie ndani, ili ile kabari ya plagi ibane ganda na si nyuzi.
4. Bana mara moja kwa nguvu, pima kwa testa.

Watu huuliza kwa nini mpangilio uwe huo na si wowote, ilimradi ncha mbili zifanane. Sababu ni msokoto. Kila jozi ya nyuzi imesokotwa ili kelele inayoingia uzi mmoja iingie na mwenzake kwa kiasi kilekile, na kifaa hupima tofauti tu, kwa hiyo kelele hujifuta. Kifaa hupitisha ishara moja kwenye pini 3 na 6, ndiyo maana jozi ya kijani imepanuliwa hapo. Ukipanga rangi kwa kufuatana jozi baada ya jozi, ishara itapita kwenye nyuzi mbili zisizosokotwa pamoja. Testa ya bei rahisi itawasha taa zote nane kwa mpangilio na kukudanganya, kwa kuwa inapima kama umeme unapita na haioni msokoto. Kwa kebo ya mita 2 itafanya kazi. Ya mita 40 itakuwa inapata na kupoteza mawasiliano.

Dalili nyingine ya kukariri: megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Megabiti 1,000 inahitaji zote nne. Kompyuta yenye kadi ya megabiti 1,000 ikionyesha kasi ya kiungo ya 100, anza kushuku bluu na kahawia. Bana upya ncha zote mbili kabla ya kununua chochote.

Kumbuka pia kwamba nyuzi za Cat6 kwa kawaida ni nene kidogo kuliko za Cat5e, na plagi za Cat5e huzikataa au huzikwangua. Nunua plagi zinazolingana na kebo.

Swichi, na kitanzi

Kwa duka letu vifaa vya waya ni kompyuta 6, printa, kamera 4, kinasa picha, ruta na redio ya paani: jumla 14. Swichi ya milango 16 inatosha, ila ukitarajia kukua nunua ya 24. Kamera zikipokea umeme kupitia kebo, soma jumla ya wati ambazo swichi inaweza kutoa. Kiwango cha 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa mlango, na kile cha 802.3at hadi 30. Swichi iliyoandikwa wati 60 haiwezi kulisha milango 8 kwa ukamilifu hata kama yote 8 ina alama ya umeme. Redio nyingi za nje, kinyume chake, hulishwa na kisanduku chake cha volti 24 ambacho hutoa umeme bila kuuliza kifaa kama kinauhitaji. Ukichomeka laptopu upande huo kimakosa unaweza kuunguza kadi yake. Bandika karatasi yenye neno REDIO kwenye mlango ule.

Ukiwa na hiari, chukua swichi isiyo na feni. Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata taa, na wakifa hujazana kwenye matundu ya hewa hadi feni inakwama.

Kosa linaloua mtandao mzima kwa sekunde chache ni kitanzi. Mtu anakuta kebo inaning'inia, anaona aibu kuiacha hivyo, anaichomeka kwenye mlango ulio wazi wa swichi ileile. Pakiti zinazotangazwa kwa wote huanza kuzunguka bila mwisho, na kila mzunguko huzizidisha. Utaona taa zote za swichi zinapepesa pamoja, haraka, kama zimekubaliana. Chomoa kebo moja moja, ukisubiri sekunde chache kila mara. Ile ambayo ukiitoa taa zinatulia ndiyo yenye kosa. Swichi zinazosimamika zina kinga iitwayo STP inayofunga njia ya pili yenyewe. Zile za plastiki za milango 5 au 8 nyingi hazina.

Anwani

Anwani za ndani hutoka kwenye mafungu matatu yaliyotengwa kwa mitandao ya faragha: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Epuka 192.168.0 na 192.168.1, kwa sababu ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na hizo, na siku utakapounganisha ofisi na nyumba kila upande utadhani mwenzake yuko chumba kimoja naye. Kwa duka letu tutumie 192.168.20, maski 255.255.255.0, inayotoa nafasi 254:

- 192.168.20.1 – ruta
- .10 hadi .19 – printa
- .20 hadi .39 – kamera na kinasa picha
- .41 na .42 – redio mbili za kiungo
- .100 hadi .200 – zinazogawiwa na DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani yenyewe) kwa kompyuta na simu

Printa lazima iwe na anwani isiyohama. Ikiachwa kwenye DHCP, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine, na kompyuta zote sita zitaendelea kutuma kazi kwa namba ya zamani.

Maski inaiambia kompyuta nani ni jirani. Ikitaka kutuma, kompyuta hulinganisha anwani ya mpokeaji na yake. Namba tatu za mwanzo zikifanana, inapaza sauti ndani ya mtandao kuuliza MAC ya mwenye anwani hiyo na kumtumia moja kwa moja. Zisipofanana, inaikabidhi pakiti ruta, yaani lango. Kwa hiyo kompyuta uliyoiandikia 192.168.2.105 badala ya 192.168.20.105 haitaona printa iliyo mita moja kutoka ilipo. Itaitafuta kupitia lango ambalo nalo haiwezi kulifikia.

Mgawaji wa DHCP awe mmoja tu. Ruta ya pili iliyonunuliwa kuongeza Wi-Fi huja na mgawaji wake ukiwa umewashwa. Izime DHCP, ipe anwani kama 192.168.20.2, kisha iunganishe kwa mlango wake wa ndani, si ule wa intaneti. Usipofanya hivyo baadhi ya kompyuta zitachukua anwani kwa mgawaji mmoja na nyingine kwa mwingine, na hitilafu itahama kutoka meza hadi meza kila asubuhi.

Ukiruhusu wateja kutumia Wi-Fi, wape mtandao wao wa wageni, na muda wa kukopeshwa anwani uwe saa moja au mbili. Ukiwa saa 24, simu za wapita njia zitameza nafasi zote 101 kabla ya jioni.

Wi-Fi ya ndani

Haraka tu. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, upana wa 20 MHz. Za katikati zinagongana na jirani wa pande zote mbili. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi lakini hayapendi ukuta. Kuta za mawe hula ishara vibaya sana, kwa hiyo weka kifaa juu, katikati ya chumba, na kompyuta isiyohama iunganishe kwa waya. Kamera nazo vilevile.

Kupima, kutoka chini kwenda juu

Fungua dirisha la amri na ufuate mpangilio huu bila kuruka.

Taa ya mlango inawaka? Kama haiwaki, ni waya, plagi au umeme, na hakuna haja ya kugusa programu. Ikiwaka, andika `ipconfig`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba DHCP na haikujibiwa, ikajipa namba yenyewe: tatizo liko kati yake na ruta. Ukiona 192.168.20 na kitu, andika `ping 192.168.20.1`. Kwa waya jibu linatakiwa lije chini ya milisekunde 1 na lisipotee hata moja. Tuma 200 kwa `ping -n 200 192.168.20.1`, kwa maana zile nne za kawaida hazionyeshi plagi inayolegalega. Pakiti 3 zikipotea kati ya 200 kwenye waya, waya huo ni mbovu, hata kama "unafanya kazi".

Lango likijibu, andika `ping 8.8.8.8`. Likikaa kimya hapo, sasa ndipo mpigie mtoa huduma au angalia bando. Likijibu, malizia na `ping` ya jina la tovuti unayoitumia kila siku. Namba inajibu lakini jina halipatikani? Hiyo ni DNS, kitabu cha majina. Andika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye ruta kama DNS na ujaribu tena.

Milisekunde nazo zina mipaka ya asili. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na fiba ikifuata njia kama hiyo, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 11 na ushee kabla ruta yoyote haijafikiria. Anayekuahidi milisekunde 3 hadi seva ya Dar anakuuzia hewa. Ukiona 600 kwenda kokote, ama unapitia setilaiti ya mbali, ile ya urefu wa kilomita 36,000, ama kuna mtu anapakua filamu.

Na kamera: ya megabiti 4 ikitumwa nje mchana kutwa na usiku kucha hula gigabaiti 43 kwa siku. Rekodi zikae kwenye kinasa cha dukani, na nje ipelekwe picha pale tu mtu anapotazama. Pia, kama ruta yako inatumia laini ya simu, angalia anwani yake ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine wengi, na kufungua milango kwenye ruta ili uone kamera kutoka nje hakutasaidia kitu. Tumia kinasa au VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) inayoanzisha mawasiliano yenyewe kutoka ndani.

Kiungo cha kuvuka maji

Hapa ndipo Mwanza inakuwa Mwanza. Miamba inakupa minara ya bure, lakini pia inazuia, na ziwa linaakisi kama kioo.

Kwanza simama kwenye paa la Kirumba na uone paa la Capri Point kwa macho au kwa darubini. Kuona hakutoshi. Redio inahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kuizunguka njia yake. Kwa kilomita 3 na 5.8 GHz, nusu-kipenyo cha nafasi hiyo katikati ni mita 6.2, na asilimia 60 yake, yaani mita 3.7, lazima iwe wazi kabisa: isiwe na paa, jiwe wala mwembe. Mwembe unaoupita leo kwa nusu mita utakuziba baada ya mvua mbili. Kwa umbali huu mviringo wa dunia si kitu, ni kama sentimita 13. Ila anayeota kuvuka ziwa kilomita 40 ajue kwamba maji yenyewe yanavimba karibu mita 24 katikati ya safari, na hiyo ni kazi ya minara na wahandisi.

Kisha hesabu kabla ya kupanda. Upotevu wa hewani kwa kilomita 3 kwenye 5.8 GHz ni desibeli 117. Redio ikitoa 20 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara), na madishi mawili ya 23 dBi (kipimo cha dishi linavyokusanya ishara), unatarajia kupokea 20 + 23 + 23 − 117, yaani −51 dBm; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ishara ni dhaifu zaidi. Iandike namba hiyo mkononi. Ukipata −54, shuka ukale. Ukipata −70 na kiungo "kimeshika", usifurahi: umelenga mwale wa pembeni wa dishi, ambao huwa dhaifu kwa desibeli 15 hadi 20 kuliko mwale mkuu. Upepo wa kwanza utakitoa.

Redio zote mbili zisanidiwe mezani, nguvu ikiwa imeshushwa chini kabisa: anwani .41 na .42, hali ya daraja (redio mbili zikifanya kazi kama kebo moja), neno la siri la WPA2 (kinga ya mtandao wa redio) au zaidi, nchi iandikwe Tanzania ili kifaa chenyewe kizuie masafa na nguvu zisizoruhusiwa. Nunua redio zilizoidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na uwaulize kuhusu masafa kabla ya kufunga. Ukitaka kusimamisha nguzo ndefu upande wa Ilemela karibu na uwanja wa ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga nao waulizwe. Redio zikiongea mezani, rudisha nguvu na mpande.

Kulenga ni kazi ya watu wawili wenye simu. Mmoja hatikisiki, mwingine azungushe dishi polepole kushoto hadi kulia kwenye upinde mpana, asome namba kila baada ya digrii mbili na kusubiri sekunde 3 isome upya. Utaona vilele vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Rudi kwenye kikubwa, kisha fanya hivyohivyo juu na chini, ndipo mwenzako wa ng'ambo aanze upande wake. Kaza nati kwa zamu huku mmoja akisoma namba, maana kukaza kwenyewe husogeza dishi.

Maji sasa. Asubuhi ziwa likiwa limelala, mawimbi ya redio yanayogonga maji huruka na kufika ng'ambo yakiwa yamechelewa kidogo, na yanaweza kuufuta mwale wa moja kwa moja. Jioni upepo ukichafua maji, kiungo kinapona. Hitilafu inayofuata utulivu wa maji ni ya mwakisiko. Usiongeze urefu wa nguzo, fanya kinyume: rudisha dishi nyuma kutoka ukingoni, mahali ambapo bado linaliona paa la ng'ambo lakini jabali au ukingo wa paa lako unalificha lisione maji ya karibu. Majabali yetu ni mazuri sana kwa kazi hii. Jaribu pia kusogeza dishi juu au chini kwa mita moja, maana mahali pa kufutana ni pembamba.

Chagua chaneli baada ya kuskani pande zote mbili. Kelele inayokuumiza ni ya pale unapopokea, na kilima kinaona mji mzima pamoja na redio za kila mtu. Anza na upana wa 20 MHz, kisha nenda 40 kama kuna nafasi.

Mvua yenyewe haiathiri sana 5.8 GHz kwa kilomita 3. Kiungo kikifa kila mvua inaponyesha, maji yameingia kwenye plagi ya nje au matawi yaliyolowa yako njiani. Kebo ya nje iwe ya ganda jeusi lisiloliwa na jua, iingie kwenye redio kutoka chini, na iachwe na tumbo la kudondoshea maji kabla ya kuingia ukutani.

Radi na umeme

Ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na juu ya maji dhoruba huja zaidi usiku, duka likiwa limefungwa na kila kitu kimechomekwa. Usivute kamwe kebo ya shaba kati ya majengo mawili yenye ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) tofauti, hata yakiwa mita 30. Radi ikipiga jirani, ardhi ya jengo moja hupanda volti kuliko ya jingine, na kebo yako inakuwa daraja la kuzisawazisha. Tumia fiba au redio.

Nguzo ya paani na ganda la chuma la kebo ya nje viunganishwe kwenye ethi kuu ya jengo kwa waya mnene wa shaba, njia fupi, bila kona kali. Kosa kubwa ni kuchimbia redio ethi yake peke yake, kwani hapo umetengeneza ardhi mbili ndani ya nyumba moja. Kwenye miamba fimbo ya mita 1.2 hugonga jiwe baada ya sentimita 40. Usiikate ukajifanya imeingia. Laza waya wa shaba mtupu kwenye mtaro wenye udongo mwingi, mita 10 au zaidi, ikiwezekana sehemu inayobaki na unyevu, kisha fundi umeme apime kwa mita ya ethi. Lenga ohm 10 au chini. Vikinga-radi vya kebo viwe viwili, kimoja juu karibu na redio na kingine inapoingia ndani. Kisichounganishwa na ethi hakikingi chochote.

Ruta, swichi ndogo na redio pamoja hula kama wati 30. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ndani ya UPS (kisanduku cha umeme wa akiba) ya kawaida hubeba mzigo huo takribani saa moja na nusu ikiwa mpya, na nusu ya hapo baada ya miaka miwili mitatu. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Ikianza kupasha joto itaizima papo hapo, na mtandao mzima pamoja nayo.

Kabla ya mvua za Oktoba panda paani na spana: kaza nati, badilisha utepe uliopasuka kwenye plagi za nje, kata tawi la mwembe, na soma tena namba ya kupokea. Ilikuwa −54 siku ya kufunga na leo ni −60? Lenga upya leo, jua likiwa bado linawaka.